Niletee Vigae

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani hapokei kitu cha bure mpaka akigeuze chini juu, akinuse, kisha amtazame aliyekileta kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Chandarua cha kugawiwa alikianika uani siku saba, watu wote wakikiona, ndipo kikaingia chumbani. Mbegu za ufuta za mabwana shamba alizipanda kwanza kwenye kopo. Mwaka mmoja zililetwa tende za kufuturu na msamaria asiyejulikana. Mwalimu alizipasua moja moja, akatafuta ndani, na alipokosa alichokuwa anakitafuta ndiyo kwanza akazidi kushuku. "Cha bure ni salamu tu," hutuambia, "na hiyo nayo yadaiwa jibu."

Nimekaa kwenye mkeka wake tangu meno yangu ya mbele hayajaota. Leo mimi ni fundi cherehani hapa Kibiti na wanangu wawili wamepita mikononi mwake. Namsema mama huyu kwa sababu nampenda. Asiyempenda atamsema vibaya, tena atakosea mengi.

Chuo chenyewe ni ukumbi wa nyumba yake nyuma ya soko. Mikeka miwili, mbao za kuandikia, mtungi wa maji na yeye mwenyewe amekaa karibu na mlango ili anayetoka asitoke bila kuonekana. Hapigi mtoto. Ukivunja chombo chake husikii kelele wala hakuna fimbo. Anasema tu, niletee vigae. Unaokota vipande, unaleta, anavipanga mkekani polepole kama mtu anayecheza bao, na kikikosekana kimoja unarudi kukitafuta. Sheria yake ilikuwa hiyo: chombo kilichovunjika kina vigae; kisicho na vigae hakikuvunjika, kimekwenda kwa mtu.

Niliipata sheria hiyo nikiwa na miaka tisa. Niliazima jagi lake la udongo bila ruhusa, nikampa rafiki yangu achezee, nikasema limevunjika. Akasema niletee vigae. Mie nikaona njia rahisi: nikaenda nyumbani, nikapasua chungu cha mama cha mchuzi, nikabeba vipande kwa khanga. Mwalimu akavipanga. Kikatoka chungu kizima, na masizi yake chini. Akakitazama weee, akaniuliza kwa upole ni lini jagi lake liliolewa na chungu. Chuo kizima kilicheka, nami nikapata adhabu mara mbili, ya kwake ya aibu na ya mama ya mwiko.

Kila mtu Kibiti alikuwa na zamu yake ya kushukiwa. Muuza mafuta ya taa, kwa kuwa kipimo chake kilikuwa kipya mno. Imamu, kwa kuwa alikohoa kabla ya kutaja michango. Hata paka wake mwenyewe alimshuku, siku paka huyo alipokataa dagaa. Nilipoolewa, mume wangu alikaa mbele yake saa nzima akiulizwa majina ya majirani zake wa utotoni kule Ngorongo, na alipotoka aliniambia kwamba polisi walimhoji mara moja maishani na walikuwa wapole zaidi.

Na huyu huyu ndiye aliyekuwa akitoa bure kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Alikuwa akiandika kombe. Watu wa huku wanajua, lakini niseme kwa asiyejua: ni aya zinazoandikwa kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha sahani inaoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa anayanywa maji yale. Alikuwa na sahani moja ya kazi hiyo, ya bibi yake, yenye maua ya kijani ukingoni na pengo dogo upande mmoja. Aya zilizunguka sahani, na katikati aliandika jina la mgonjwa na jina la mama yake. Watu walimjia kutoka Ruaruke, kutoka Ikwiriri, kutoka visiwani. Kwanza aliwauliza kama wameshakwenda zahanati, na asiyekwenda alimrudisha. Baada ya hapo aliandika, na hakupokea kitu, hata yai. Wenye midomo walimuuliza mbona bure yake yeye haina walakini. Akajibu, "Mie mnajua ninapolala."

Mtu mmoja tu aliponyoka kwenye macho yake, naye ni mjomba wangu.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na boti ya mashine iliyokwenda Nyamisati na Mbwera, ikibeba mchele, kaa na abiria. Alikuwa mtu wa mkono mwepesi. Mgonjwa, maiti na mwalimu hawakulipa kwenye boti yake, alisema hivyo na alifanya hivyo. Mume wa Mwalimu alipofia shambani Mbwera, mjomba ndiye aliyemleta, akamfunika kwa turubai lake mwenyewe, na alipopewa kitu akakikataa. Mwalimu anayepasua tende hakumuuliza swali hata moja.

Wiki tatu baadaye dada yangu Somoe, aliyeolewa huko huko Mbwera, alishikwa na homa kali. Zahanati walimpa dawa, wakasema asipotulia aletwe hospitali. Mama akakimbilia kwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa bado kwenye eda ya mumewe, na mwanamke aliye eda hatoki nje, la sivyo angekwenda mwenyewe akamnyweshe kwa mkono wake, kama alivyozoea kwa wagonjwa wa mbali. Akaandika, akaacha wino ukauke, akaifunga sahani kwa kitambaa cheupe, akampa mjomba. Akamwambia, akishakunywa nirudishie sahani yangu.

Mjomba alirudi siku ya nne, na habari aliyorudi nayo kila mtu aliijua usoni kwake kabla hajafungua mdomo. Tulilia. Nililia mpaka sauti ikakauka, Somoe alikuwa mkubwa wangu kwa mwaka mmoja na tulilala kitanda kimoja hadi anaolewa. Baadaye mjomba akaenda kwa Mwalimu, nami nikiwa pale, akasema Somoe alikunywa kombe lote, akapata utulivu kidogo, lakini ajali haina kinga. Na sahani, akasema, iliponyoka mkononi wakati wa kushuka kwenye boti.

Mwalimu akasema nyuma ya pazia, "Sahani huvunjika."

Hakusema niletee vigae. Nilikuwepo, nilisikia, na katika msiba wangu sikuona ajabu yoyote.

Halafu wakaja wenye maneno. Wakasema kombe la Mwalimu halikumfaa Somoe kwa sababu mkono ulio eda ni mzito. Sijui waliyatoa wapi, dini haisemi hivyo na Mwalimu alijua kuliko wao. Lakini tangu hapo hakuandika tena. Wagonjwa walikuja, akawaambia mkono umechoka. Mara moja tu aliniambia mwenyewe, tukichambua mchele: alimwandikia dada yangu, akanywa, akafa, na sasa mkono huu anautazama kama mgeni aliyeingia nyumbani bila kubisha hodi. Nikamwambia uhai ni wa Mungu. Akasema hilo yeye ndiye aliyenifundisha. Akaendelea kuchambua mchele.

Huo ndio mwaka ambao mjomba alianza kuvaa saa ya mkononi, ya rangi ya dhahabu, kubwa. Alisema kapewa bure na mgeni. Tulimcheka Mwalimu, mbona saa hii haichunguzi? Alisema mkono uliombeba mumewe hauchunguzwi.

Miaka kumi na sita ikapita hivyo.

Mwaka huu likaja tangazo kwenye simu. Jumba la makumbusho ya sanaa za Kiislamu huko Dar es Salaam linafungua milango bure, Jumamosi na Jumapili, watu wote. Na chini yake: njoo na kitu chako cha kale, wataalamu watakitazama bila malipo. Vijana wa msikitini wakatafuta basi dogo la Kosta, nalo bure. Nilipomsomea Mwalimu akataka nirudie lile la chini.

"Ndiyo ndoana hiyo," alisema. "Jumba zima ni chambo."

Nikadhani basi, yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa anafunga safari. Alitaka akaone kwa macho yake wanachokitaka kwetu, macho yenyewe yana mtoto wa jicho na hayaoni zaidi ya hatua tatu. Kosta akaikataa. Tukapanda basi la kawaida, kila mmoja na nauli yake, tukafika wenzetu wa Kosta wameshakula na kunawa.

Mlangoni walitaka kumfunga ukanda wa karatasi mkononi. Akasema yeye si mbuzi wa mnadani. Wakampa chupa ya maji. Akaisogeza sikioni, akafungua kifuniko akisikiliza kama kinalia, na kilipolia akanipa mie nitangulie kunywa. Ndala zake alizivua, kwa kuwa ndani kuna maneno ya Mungu, akazitia kwenye mkoba, kwa kuwa nje kuna watu. Binti aliyetuongoza, mpole, kajifunga mtandio vizuri, alimwita bibi. Mwalimu akamuuliza ni bure mpaka lini. Binti akasema mpaka kesho jioni.

"Na Jumatatu mnachukua nini?"

Binti akacheka, akasema Jumatatu wanafunga kwa usafi. Mwalimu hakucheka.

Niseme kweli, mimi nilipapenda. Kulikuwa na taa za shaba, vyetezo vya ubani, milango ya kuchongwa, mazulia ambayo ungeona aibu kuyakanyaga. Lakini kila nilipoanza kufurahi, Mwalimu aliniuliza hiki kimetoka wapi, na binti alijibu mara nyingi ni zawadi, na Mwalimu aliuliza zawadi ya nani, na huyo nani alikuwa na ruhusa ya nani. Mbele ya msahafu wa kale uliofunguliwa chini ya kioo alisimama akasikitika. Akauliza kama huwa wanaufungua kurasa nyingine. Binti akasema hapana, mwanga unauharibu. Mwalimu akasema msahafu wa watu umefungwa jela na ukurasa mmoja.

Kabati la vyombo lilikuwa karibu na dirisha. Nilitangulia mimi. Niliona sahani, nikasema kwa furaha, Mwalimu, kuna kombe hapa, tena bado limeandikwa.

Alisimama pale pale alipokuwa. "Bado limeandikwa?"

Ndipo nikaitazama vizuri. Maua ya kijani. Pengo ukingoni. Kikaratasi kilisema sahani ya dawa, delta ya Rufiji, zawadi. Zafarani ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Nikasoma katikati, kwa herufi alizonifundisha yeye mwenyewe: Somoe binti Tatu. Tatu ni mama yangu.

Na kabla ya machozi, sitaficha, nilimfikiria mjomba. Nikinyamaza, mjomba atabaki mjomba wetu, mama atakula naye Idi kama kawaida. Mwalimu hawezi kusoma kwa umbali ule. Lakini pia atazikwa akiamini kwamba mkono wake ulimwangusha Somoe. Alikuwa amefika ubavuni mwangu, pumzi zake zinagusa kioo.

"Ina pengo?" aliuliza.

"Inalo."

"Nisomee katikati. Nilikufundisha kusoma, usinifiche."

Nikamsomea. Mwalimu akamuuliza yule binti sahani hii itaoshwa lini. Binti akasema haioshwi, bibi, tunaitunza, wino wake ni wa nadra sana, mara nyingi makombe hayabaki.

"Hayabaki kwa sababu yananywewa," alisema Mwalimu. "Hili mmemtunzia mgonjwa maradhi yake."

Kulikuwa na benchi, akakaa. Alikiweka kiganja cha kulia juu ya goti, akakigeuza, akakitazama juu na chini, kama anavyovitazama vya bure. Sikuona furaha usoni kwake, niliona uchovu. Mimi nilikuwa nalia na wageni wanatupita na simu zao. Nilimweleza binti yote. Naye machozi yakamlenga, akachukua namba yangu, akasema wakubwa watalizungumza. Mpaka leo wanalizungumza.

Kesho yake nilikwenda kwa mjomba. Boti alishauza, anakaa Kibiti, nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Nilimkuta barazani na saa yake. Sikumwamkia. Nilimwambia nimeiona sahani, nzima, na jina la Somoe juu yake.

Hakubisha. Alisema alikuwa Nyamisati anasubiri maji yajae, akatokea mgeni anayezunguka kununua vyombo vya kale, akaifungua ile sahani, akaipenda kwa sababu ya maandishi, akavua saa yake wabadilishane. Mjomba alidhani homa ni homa tu, na siku mbili mbele atarudi Kibiti achukue sahani nyingine. Kisha mashine ikamsumbua, akafika Mbwera amechelewa. Somoe alikuwa hasemi tena. Nikamuuliza aliwezaje.

"Ilikuwa ya bure," alisema. "Nilijua ataandika nyingine."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishasema. Mie sijui kama Somoe angepona. Alikunywa dawa za zahanati na hazikumzuia, na ajali ni ya Mungu. Ila jibu lile la mjomba nalirudia hata nikishona. Nilipomfikishia Mwalimu, alicheka kicheko kibaya, kifupi. Akasema kumbe anayetakiwa kuchunguzwa ni yeye, alitoa vya bure maisha yake yote bila kuwafundisha watu bei yake. Akaniomba nisimwambie mtu, hata mama. Nikatii, ingawa sikumsemesha mjomba miezi mitatu na mama akawa ananishangaa.

Mwezi uliopita mjomba alilazwa. Miguu imevimba, pumzi fupi, hospitali wakampa dawa na kumrudisha nyumbani. Nilikwenda kumwona kwa ajili ya mama. Alinishika mkono, akaniomba nikamwombee kombe kwa Mwalimu. Nilimtazama nikidhani homa imempanda kichwani. Wewe, nikamwambia, uende kwa uso upi? Akasema ndiyo maana ananituma mimi.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kusikia hapana, na kwa kweli nilitaka kuisikia. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama dawa za hospitali anakunywa. Nikasema anakunywa. Akauliza mama yake mjomba aliitwa nani, jina kamili, nikamtajia bibi yangu. Halafu akaniagiza zafarani. Niliyoleta aliinusa, akaitia kidogo ulimini, akaniuliza kama muuzaji ana manjano dukani. Nilipoapa ni zafarani, akaichukua.

Sahani nyeupe aliitoa kabatini, mpya, haina maua. Aliandika herufi kubwa kuliko zamani, pua karibu inagusa sahani, na mara mbili alisimama, akauangalia mkono wake, akaendelea.

Safari hii hakumpa mtu. Tulichukua bajaji, ameiweka sahani magotini, kitambaa juu, na kila shimo la barabara alimlaumu dereva. Mjomba alipomwona mlangoni alijaribu kuinuka, akashindwa. Mwalimu akamwambia alale. Akamimina maji, akatia marashi, akaosha sahani kwa kidole mbele ya macho yake, polepole, mpaka herufi zote zikaingia kwenye maji. Akayatia kwenye kikombe.

"Kunywa," alisema. "Hapa hapa, nikuone."

Mjomba alikunywa huku machozi yanaingia kikombeni. Mwalimu alikichukua kikombe, akakipindua kiganjani, akahakikisha hakikubaki tone. Mjomba akavua ile saa, akamnyooshea. Hakuitazama. Mjomba akamuuliza kama amemsamehe, na yeye akawa anaikausha sahani kwa upindo wa khanga yake, mbele na nyuma, kama hakusikia.

Kisha akaiweka sahani juu ya kifua cha mjomba.

"Ukipata nguvu utaniletea mwenyewe," alimwambia. "Kwa miguu yako."

Mjomba aliishika kwa mikono miwili. "Na ikivunjika, Mwalimu?"

Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni, anapapasa ndala zake kwa mguu.

"Niletee vigae."